Maneno na Mambo katika Shule ya Kati: Uhakiki wa Lugha ya Mageuzi ya Elimu nchini Kenya

Mageuzi ya elimu husikika kwa masikio kabla ya kuonekana kwa macho. Dawati halijafika bado, wala mwalimu hajapangiwa shule, lakini jina la jambo jipya limekwisha kufika katika mkutano wa wazazi. Nalo husemwa, huulizwa, hukosewa, na mwisho huzoewa. Kwa sababu hiyo mageuzi ya elimu si shauri la wataalamu wa elimu peke yao. Yanawahusu pia wachunguzi wa lugha, kwa maana mzazi asiyeelewa jina la kitu hawezi kukihoji kitu chenyewe, na asiyehoji huhesabiwa kuwa amekubali.

Kenya imo katika mageuzi ya namna hiyo tangu mwaka 2017, ulipoanza kujaribiwa mtaala unaoitwa kwa Kiswahili mtaala wa umilisi. Sehemu ya mtaala huo iliyoleta mashaka mengi kuliko nyingine zote ni ile ya kati, yaani gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Makala haya yanachagua maneno machache yaliyotumiwa kuwaeleza watu habari za sehemu hiyo, na kuyapima kwa mizani mbili: kwanza, kama neno linakubaliana na kawaida ya lugha, pili, kama linakubaliana na hali ya shule yenyewe. Itaonekana kuwa mahali ambapo neno lilitungwa kwa haraka, gharama ya haraka hiyo ililipwa na watoto, wazazi na walimu.

Habari ya mageuzi

Kabla ya kuyahakiki maneno, yafaa kuyaeleza mambo kwa ufupi. Tangu mwaka 1985 Kenya ilifuata mpango wa miaka 8 ya shule ya msingi, 4 ya shule ya upili na 4 ya chuo kikuu. Mpango mpya una ngazi tano: miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya kati, 3 ya juu, na 3 au zaidi ya elimu ya juu. Mtaala mpya ulianza kufundishwa nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini. Watoto waliokuwa gredi ya 3 mwaka huo ndio waliokuwa wa kwanza kuifikia ngazi ya kati, mwishoni mwa Januari 2023.

Palikuwa na shaka kubwa kuhusu mahali watakapokaa. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa wangehamia shule za upili, na katika mwaka 2021 na 2022 Serikali ilikusudia kujenga madarasa 10,000 kwa ajili hiyo, ambayo mengi yalijengwa katika viwanja vya shule hizo. Lakini Septemba 2022 Rais William Ruto aliteua jopo la kuyatazama upya mageuzi ya elimu, chini ya uenyekiti wa Profesa Raphael Munavu, na Disemba mwaka huo jopo lilitoa shauri kwamba gredi ya 7 hadi ya 9 zikae katika shule za msingi. Hivyo madarasa yalikuwa upande mmoja na watoto upande wa pili. Taarifa ya mwisho ya jopo ilitolewa Agosti 2023, na masomo ya ngazi hiyo yaliyokuwa 14 yalipunguzwa kuwa 9. Kundi la kwanza lilifanya tathmini ya kumaliza gredi ya 9 mwishoni mwa mwaka 2025, na kuingia gredi ya 10 Januari 2026.

Shule ya kati ya zamani

Wengi husema habari za ngazi hii kama kwamba ni jambo lisilopata kuonekana. Walakini historia yaonyesha vingine. Taarifa ya Kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, iliyotolewa mwaka 1949, iliugawa mwendo wa elimu ya Waafrika nchini Kenya katika mafungu matatu ya miaka minne minne, na fungu la katikati lilikuwa darasa la 5 hadi la 8. Tanganyika nayo katika miaka ya 1950 ilikuwa na shule za kati za madarasa hayo hayo, na ndani yake kilimo kilipewa nafasi kubwa.

Kwa wazazi wa siku zile shule ya kati ilikuwa chekeche. Wengi wa watoto waliomaliza darasa la 4 hawakupata nafasi ya kuendelea, na wengi wa waliomaliza la 8 hawakuiona sekondari. Wazazi wengi wa Kenya waliupinga mpango wa Beecher kwa kuwa waliuona kuwa ni ukuta uliojengwa katikati ya njia. Tanganyika, kilimo cha shuleni hakikuwapendeza wazazi waliompeleka mtoto shule ili aepukane na jembe. Baada ya uhuru nchi zote mbili ziliiondoa ngazi ya kati na kuiunganisha na shule ya msingi. Nchini Kenya jambo hilo lilifuata mashauri ya Kamati ya Ominde ya mwaka 1964.

Basi kilichoanza mwaka 2023 ni kurudi kwa ngazi iliyokwisha kufutwa. Wenye kuirudisha waliitaka iwe daraja la kuvukia, si chekeche la kuchujia. Lakini kumbukumbu ya watu haifutwi kwa tangazo. Mzazi akisikia kuwa mtoto wake atapimwa akiwa gredi ya 6 na tena akiwa gredi ya 9, hukumbuka yaliyompata yeye, au baba yake, mbele ya mtihani wa namna hiyo. Ndiyo sababu majina ya mambo haya yalihitaji uangalifu mkubwa kuliko uliopatikana.

"Sekondari Msingi"

Jina lililoenea katika magazeti na redio ni Sekondari Msingi. Kwa mtazamo wa kwanza ni jina jepesi, lenye maneno mawili yanayojulikana. Shida yake inaonekana maneno hayo yanapokutana. Sekondari ni neno geni lenye asili ya maana ya "-a pili", na Wakenya wamelifanyia kisawe kizuri cha Kiswahili, yaani shule ya upili. Msingi ni kile kinachochimbiwa chini kabla ya ukuta kusimama. Kwa hiyo Sekondari Msingi, likichukuliwa kwa maana yake ya asili, ni jambo la pili lililo la kwanza, sawasawa na kusema ghorofa ya juu iliyo chini ya sakafu.

Yaweza kujibiwa kuwa majina hayachukuliwi kwa maana ya asili, na jibu hilo lina haki yake. Lakini tatizo haliishii kwenye asili ya neno. Katika Kiswahili cha elimu neno msingi limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza, lataja shule ya madarasa ya mwanzo, ndiyo shule ya msingi ijulikanayo na kila mtu. Pili, lataja elimu yote ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inampa kila mtoto haki yake, tangu ya awali hadi mwisho wa shule ya upili. Nayo pia huitwa elimu ya msingi. Tatu, sasa lataja daraja la chini la sekondari. Neno moja kwa mambo matatu si kosa peke yake, kwa kuwa lugha zote zina maneno ya namna hiyo. Ni kosa pale mambo hayo matatu yanapokuwa na sheria mbalimbali, walimu mbalimbali na fedha mbalimbali, na mzazi anapotakiwa kujua mtoto wake yumo katika lipi.

Na hapo ndipo neno linapogusa maisha. Fedha za Serikali zilizopangwa kwa mwanafunzi wa ngazi ya kati zilikuwa shilingi 15,042 kwa mwaka, na zilizopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi shilingi 1,420. Watoto hao wawili hupita mlango mmoja, hunywa maji ya bomba moja, na hucheza uwanja mmoja. Tofauti ya fedha zao ni zaidi ya mara 10, na jina linalotajwa juu ya lango ni "msingi" kwa wote. Mzazi akiuliza kwa nini mtoto wake wa gredi ya 7 hana chumba cha majaribio ya sayansi, huambiwa kuwa hii ni shule ya msingi. Akiuliza kwa nini adaiwe sare mpya mtoto asipohama shule, huambiwa kuwa sasa ni sekondari. Jina lenye pande mbili humpa mjibuji mlango wa kutokea upande wowote.

Wizara yenyewe iliitambua kasoro hiyo, na tangu mwaka 2023 neno la sekondari liliondolewa katika jina la Kiingereza. Lakini Kiswahili hakikupewa jina jipya kwa tangazo la namna hiyo, na magazeti yakaendelea na Sekondari Msingi. Hivyo, kwa muda, shule moja ilikuwa sekondari kwa Kiswahili na si sekondari kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha hizo mbili kuwa rasmi kwa pamoja.

Gredi na darasa

Neno la pili ni gredi. Kwa miaka mingi mtoto wa Kenya aliingia darasa la kwanza na kutoka la nane. Mtaala mpya ulileta gredi, na sababu yake ni dhahiri: watoto wa mpango wa zamani na wa mpango mpya walisoma pamoja kwa miaka kadha, na ilihitajika alama ya kuwatenganisha. Kwa kazi hiyo neno gredi lilifaa.

Lakini tazama hali ya mwaka 2023. Katika shule moja walikuwamo watoto wa darasa la 8, kundi la mwisho la mpango wa zamani, na watoto wa gredi ya 7, kundi la kwanza la ngazi ya kati. Mtoto wa darasa la 8 alikuwa mbele kwa mwaka mzima, lakini alihesabiwa kuwa wa msingi. Mdogo wake wa gredi ya 7 alihesabiwa kuwa wa sekondari. Nambari kubwa ilikuwa chini na nambari ndogo ilikuwa juu. Watu wazima waliweza kuyaeleza hayo kwa hati na majedwali. Kwa watoto, ambao heshima ya uwanjani hufuata darasa, halikuwa jambo dogo.

Tena gredi lilikuwa limekwisha kupata maana nyingine katika Kiswahili cha Kenya, yaani alama ya kufaulu katika mtihani. Mtu alipata gredi ya A au ya C. Mtaala uliokusudia kuwaondoa watu katika kuabudu alama ulichukua jina la alama ukaliweka juu ya mlango wa kila darasa. Hakuna aliyekusudia hivyo, na neno darasa halikuwa na kasoro hiyo: latokana na kusoma, na lataja mahali pa kusomea, wala halina harufu ya kushindana.

Umilisi

Neno zito kuliko yote ni umilisi, kwa kuwa ndilo lililoupa mtaala jina lake. Kwa wanaisimu wa Kiswahili si neno geni. Limetumiwa kwa miongo mingi kutafsiria istilahi ya Noam Chomsky, ambaye mwaka 1965 alitofautisha ujuzi wa lugha ulio ndani ya akili ya msemaji na matumizi ya lugha hiyo katika usemi. Ujuzi wa ndani ukaitwa umilisi, na matumizi ya nje yakaitwa utendi au utendaji. Mwenye umilisi anaweza kunyamaza siku nzima, na umilisi wake ukabaki palepale.

Katika mtaala maana imegeuka. Umilisi wa mwanafunzi ni lile analoweza kulitenda: kushirikiana, kufikiri kwa makini, kubuni, kutumia vifaa vya kidijitali, kuwa raia mwema, kujifunza namna ya kujifunza, kujiamini. Haya ni mambo saba ambayo Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala imeyaita umilisi wa kimsingi, na yote huthibitishwa kwa vitendo. Basi neno lililotungwa ili lisimame kinyume cha utendaji limefanywa kuwa jina la utendaji wenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea ualimu wa Kiswahili husikia maana ya kwanza katika chumba cha isimu, na maana ya pili katika chumba cha elimu, siku moja na chini ya paa moja.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mihtasari yake hutumia umahiri, umahiri mkuu na umahiri mahususi. Mahiri ni mtu hodari katika kazi yake, awe fundi, mwimbaji au nahodha, na mtu hujulikana kuwa mahiri kwa kutazamwa akitenda. Kwa kipimo cha maana, umahiri walikaribia zaidi jambo linalotakiwa. Kwa kipimo cha matumizi, lina faida ya kujulikana na mtu asiyesoma isimu. Mzazi akiambiwa kuwa mtoto atafundishwa awe mahiri, ataelewa. Akiambiwa kuwa mtoto atafundishwa awe na umilisi, atauliza maana yake, na huenda aliyemwambia naye hana jibu. Ni hasara kwamba nchi mbili zinazotumia lugha moja, na zenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kati yao, zimeingia katika mageuzi yanayofanana kwa istilahi zisizofanana.

Tathmini na mtihani

Waanzilishi wa mtaala walitaka neno mtihani lipungue na tathmini lichukue nafasi yake. Shauri hilo lilikuwa na busara ndani yake. Mtihani kwa Kiswahili si karatasi ya maswali tu. Ni taabu impatayo mtu ili ajulikane uvumilivu wake, na watu wa pwani husema "huu ni mtihani" wanapopatwa na msiba. Tathmini latoka katika shina moja na thamani na kuthamini. Mwenye kutathmini hutafuta thamani ya kitu. Hapana neno jema kuliko hilo kwa mwalimu anayemtazama mtoto.

Lakini methali yasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tathmini hizo za gredi ya 6 na ya 9 zilisimamiwa na Baraza la Mitihani, katika vyumba vyenye wasimamizi, kwa karatasi zilizofungwa na kutiwa muhuri. Nafasi ya mtoto katika ngazi ya juu ilipangwa kwa hesabu: asilimia 20 kutoka tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi za shuleni za gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka tathmini ya gredi ya 9. Watu waliona mambo hayo wakaendelea kusema mtihani. Si kwamba walikosea lugha; walikuwa wameielewa hali.

Kadhalika yalitungwa maneno ya kueleza kiwango cha mwanafunzi bila ya kumwita mshinde. Mtoto huzidi matarajio, huyafikia, huyakaribia, au huwa chini yake. Nia ni njema, kwa sababu neno kuanguka limewaumiza watoto wengi. Walakini kuna jambo lililoachwa bila jibu: matarajio hayo ni ya nani? Kitenzi kutarajia hakikai bila mtu anayetarajia. Katika jedwali la tathmini mtu huyo hatajwi, na mzazi akisoma kuwa mwanawe hakufikia matarajio, hudhani kuwa ni matarajio yake mwenyewe, au ya mwalimu, au ya Serikali. Lawama hukosa mahali pa kutua, nayo hutua kwa mtoto.

Disemba 2025, matokeo ya kundi la kwanza yalipotolewa, viwango vinne viligawanywa kila kimoja mara mbili, vikawa vinane, na kila kimoja kikapewa pointi, tangu 8 hadi 1. Masomo yalikuwa 9. Haikuhitajika elimu kubwa kwa mzazi kuzidisha 8 kwa 9 na kupata 72. Mpango wa zamani ulikuwa na alama 500. Mpya ukapata 72 yake. Hivyo lugha ya matarajio, iliyotungwa kwa taabu ya miaka mingi, ilirudi kuwa hesabu katika muda wa siku chache. Sababu yake haikuwa ukaidi wa wazazi. Maadamu nafasi katika shule zenye sifa ni chache na wanaozitaka ni wengi, watu watatafuta nambari, na wataipata hata ikifichwa ndani ya sentensi.

Mwalimu mkuu na mwanagenzi

Maneno yanayowahusu walimu nayo hayakosi funzo. Nchini Tanzania kiongozi wa shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu, na wa sekondari huitwa mkuu wa shule. Kiswahili cha Kenya aghalabu huwaita wote wawili mwalimu mkuu, ingawa Kiingereza cha Kenya huwatenga kwa majina mawili yenye vyeo na mishahara tofauti. Maadamu shule zilikuwa mbali mbali, jina hilo moja halikumdhuru mtu. Ngazi ya kati ilipowekwa ndani ya shule ya msingi, swali likazuka: mwalimu mwenye shahada, aliyesomea kufundisha sekondari, yuko chini ya mwalimu mkuu yupi? Walimu wengi wa ngazi hiyo wamedai uongozi wao wenyewe, na walimu wakuu wa shule za msingi wamedai kuwa shule ni moja. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Na hapa lugha ilificha kwa jina moja kwamba manahodha walikuwa wawili.

Tena maelfu ya walimu waliowekwa katika gredi hizi waliajiriwa kwa mkataba wa muda, na magazeti yakawaita walimu wanagenzi. Katika Kiswahili cha zamani mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi, akishika patasi huku fundi akimtazama. Lakini wengi wa wanagenzi hawa hawakuwa na fundi wa kuwatazama. Walifundisha peke yao, mara nyingine masomo ambayo hawakuyasomea, kwa kuwa katika shule nyingi walimu wa ngazi hiyo walikuwa wachache kuliko masomo. Mei 2024 wengi wao waligoma wakidai ajira ya kudumu, na watoto wa gredi ya 7 na ya 8 wakakaa bila masomo. Mtu anayefanya kazi nzima akiitwa mwanagenzi, jina limefanya kazi ya kupunguza ujira, na mwenye kuchunguza lugha hawezi kulipita bila kusema hivyo.

Ushirikishwaji

Neno la mwisho ni ushirikishwaji. Mwongozo wa mtaala uliotolewa mwaka 2017 unahesabu ushiriki wa wazazi kuwa nguzo mojawapo ya elimu mpya, na katika Kiswahili cha mikutano jambo hilo huitwa ushirikishwaji wa wazazi. Sarufi ya neno hili yatosha kueleza shida yake. Kushiriki ni kitendo cha mtu mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Kushirikishwa ni kufanywa hivyo na mtu mwingine. Ushirikishwaji basi ni hali ya mtu kuingizwa katika jambo lililoanzishwa na asiyekuwa yeye. Aliyeshirikishwa si lazima awe ameshiriki.

Na kwa kweli wazazi wengi waliujua mtaala kwa njia ya kutumwa. Mtoto alirudi nyumbani na orodha ya vitu vya kutafutwa kabla ya asubuhi: rangi, karatasi ngumu, picha za kuchapishwa, nguo kuukuu za kutengenezea sanamu ya kuwafukuzia ndege shambani. Mzazi wa mjini alinunua. Mzazi wa kijijini alitembea. Asiyeweza alimwona mtoto akienda shule mikono mitupu na hofu moyoni. Malalamiko ya gharama hizo yalisikika kwa miaka mingi katika magazeti na katika vikao vya jopo la mwaka 2022. Hayo ndiyo yaliyoitwa kushirikishwa. Lakini mambo makubwa, kama vile ngazi ya kati ikae wapi, ifundishwe na nani, na iitwe nini, yaliwafikia wazazi yakiwa yamekwisha kuamuliwa, au yakiwa bado yanabadilishwa huku watoto wamefungasha mabegi.

Hoja za upande wa pili

Yamkini atasema mtu kuwa uhakiki wa namna hii umekamata kivuli ukaacha mti. Shida za ngazi ya kati ni uchache wa walimu, wa vyumba na wa fedha, na hata jina zuri kuliko yote lisingejenga chumba kimoja cha sayansi. Hoja hii ni ya kweli, wala haikanushwi hapa. Walakini haijavunja dai la makala haya. Jina halijengi chumba, lakini ndilo humwezesha mtu kukidai chumba hicho. Panapokuwa na jina wazi pana haki iliyo wazi. Panapokuwa na jina la kuyumba, kila mdai huelekezwa mlango mwingine.

Atasema mwingine kuwa istilahi zote huanza kwa ugeni, na kwamba watu watazoea umilisi kama walivyozoea maneno mengine mengi. Hilo nalo lawezekana. Lakini kuzoea neno na kulielewa si jambo moja, na mageuzi yanayosifiwa kuwa yanatia watoto fikra za makini hayapaswi kuwataka wazazi wao wazoee bila kuelewa.

Mambo yafaayo kufanywa

Kutokana na yaliyosemwa, mambo matatu yaweza kushauriwa. La kwanza, hati za mageuzi ziandikwe kwa Kiswahili wakati uleule zinapoandikwa kwa Kiingereza, si baada ya kutekelezwa. Mpaka sasa kazi ya kutafsiri imeachiwa mwalimu anayesimama mbele ya wazazi akiwa na karatasi ya Kiingereza mkononi, na kila mwalimu hutafsiri kwa kadiri ya uwezo wake. La pili, wataalamu wa Kenya na Tanzania waafikiane juu ya istilahi za elimu, wakianza na umilisi na umahiri, kabla vitabu vya nchi mbili havijazidi kuachana. La tatu, ngazi ya kati ipewe jina lisilojipinga lenyewe.

Jina lililo karibu ni lile la zamani, shule ya kati. Ni fupi, lina sarufi safi, na lasema kweli: mtoto ametoka mahali na hajafika mahali. Dosari yake ni kumbukumbu ya chekeche la miaka ya 1950. Lakini dosari hiyo yaweza kuwa faida, kwa kuwa jina lenye kumbukumbu huwakumbusha wenye mamlaka jambo ambalo watu walilikataa zamani. Kundi la kwanza la watoto limekwisha kuivuka ngazi hii likiwa na majina mengi na vyumba vichache. Makundi yanayofuata yanastahili kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa wao na wazazi wao, kuwa wamo katika shule gani, na shule hiyo inadaiwa nini kwao.